Vuli Mashine Zilipolala

Vuli ya mwaka 2019 ilinyesha Afrika Mashariki nzima kwa namna ambayo wazee wa kwetu waliilinganisha na El Nino ya 1997 peke yake. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa yamepata joto kuliko kawaida, na mvua ambazo Kagera huzitarajia zipumzike karibu na Krismasi ziliendelea hadi mwaka mpya. Mei iliyofuata Ziwa Victoria likapanda hadi kuivuka rekodi yake ya mwaka 1964. Hayo niliyasoma baadaye. Kilimani kwetu tulichokiona ni mikaratusi iking'oka na mizizi yake, kwa sababu udongo ulikuwa umelowa hadi haushiki kitu.

Nyumbani ni upande wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na Baba hadi leo akisema anakwenda "wilayani" anamaanisha Kayanga. Ni nchi ya vilima vya nyasi na migomba, iliyoinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni wa Dar es Salaam anayeshuka kwenye basi pale Omurushaka akiwa na shati la mikono mifupi hutafuta sweta la mtumba kabla jua halijazama. Theluji hatuijui. Lakini mvua ikinyesha mchana kutwa, na ukungu ukalala migombani hadi saa nne asubuhi, baridi ya huku ni baridi kweli. Nyumba ya matofali na bati haikufichi nayo kama hakuna moto.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa ajili ya Baba. Mwaka huo alikuwa ameanza kuchoma insulini, baada ya vidonge kushindwa kuituliza sukari yake, na Mama, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri alama ndogo za kwenye bomba la sindano, aliomba mmoja wetu aje akae naye mpaka atakapozoea. Kaka zangu walikuwa na kazi zao mbali. Nikaomba likizo, nikaja.

Umeme kwetu ulikuwa bado mgeni. Nguzo za mradi wa REA zilifika kijijini miaka michache kabla, na ada ya kuunganishiwa, shilingi 27,000, haikumshinda mtu mwenye kahawa shambani. Kilichowatoa watu jasho ni wayaringi. Baba aliuza fahali, akamleta fundi kutoka Kayanga, na nyumba ikapata taa kila chumba, soketi sebuleni, na mita ya LUKU ukutani ambayo watoto walijifunza kuiingizia namba zake ishirini upesi kuliko sisi wakubwa. Friji ndogo ilikuja baadaye, kwa sababu ya insulini. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ametoka kuoa, akachukua mkopo kwenye kikoba, akanunua mashine ya kusaga inayoendeshwa na mota. Mambo yalikuwa yakimwendea vizuri hata akapanga kwamba Januari jiko la Bibi libomolewe. Ni jiko la kuta za udongo lililo nyuma ya nyumba, lenye mafiga matatu na kijistoo cha giza pembeni, na yeye alipataka pale pawe banda la mashine ya pili. Bibi hakubisha. Alisema tu kwamba wakati wa kubomoa yeye atakuwa kwa mwanawe mwingine anayeishi Kaisho.

Umeme ulikatika usiku mmoja wa Novemba, upepo mkali ulipopita na mvua ya mawe. Asubuhi, kutoka kilimani, kila kitu kilionekana wazi: mkaratusi umezilalia nyaya, na bondeni nguzo kadhaa zimeinama hadi zinagusa mafunjo. Barabara ya kutoka Omurushaka kuja kwetu siku hizo ilikuwa ya udongo, na malori ya maharage yalikuwa yamekwama juu ya kilima, mengine yameziba njia. Lori la nguzo lisingepita. Mafundi walifika kwa pikipiki, wakaegesha pale pikipiki iliposhindwa, wakaendelea kwa miguu hadi bondeni wakiwa na kamba na misumeno mabegani. Niliwaona mwenyewe wakifanya kazi majini. Sina la kumlaumu mtu.

Watu wakisikia kwamba familia ilikaa majuma kadhaa bila umeme, jambo la kwanza wanalouliza ni giza. Mlikuwa mnaonaje usiku? Mimi napenda kuwaambia ukweli kwamba giza ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote. Taa ndicho kitu cha kwanza ambacho umeme hukupa, na ndicho rahisi kuliko vyote kupata mbadala wake. Jioni ya kwanza tu tulikuwa na mwanga. Mama alikuwa na kandili chini ya kitanda, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Watoto wa mdogo wangu walikuwa na taa ndogo ya sola waliyosomea kabla umeme haujaja. Bibi alikuwa na koroboi yake ya kopo la maziwa na utambi wa pamba, ambayo hakuwahi kuiacha hata taa za umeme zilipokuwa zikiwaka, kwa kuwa jikoni kwake hakutaka waya upitishwe. Mafuta ya taa yalikuwa tabu kidogo. Tangu serikali ilipoyapandishia kodi mwaka 2011 kukomesha uchakachuaji wa dizeli, maduka mengi ya vijijini yalikuwa yamepunguza kuyaweka, na watu walikuwa wamehamia kwenye sola na tochi. Hata hivyo yalipatikana, yakiuzwa kwa kipimo cha chupa ya soda. Koroboi inatoa masizi, asubuhi ukipenga kamasi unaona weusi, na kwa mtoto mwenye pumu haifai kabisa. Lakini tuliona, tulikula, na watoto walimaliza mazoezi yao ya hesabu.

Kilichotuumiza ni mota, na kilichotutisha ni friji.

Nianze na mota. Mashine ya kusaga ya mdogo wangu ilinyamaza, na siku chache baadaye ndipo kijiji kilipotambua ni mambo mangapi yalikuwa yamejifunga kwenye mashine ile. Kabla ya umeme kulikuwa na mashine ya dizeli sentani, lakini mwenye nayo aliiuza umeme ulipofika, kwa sababu hakuweza kushindana na bei ya mota. Iliyobaki ilikuwa mbali, na kufika huko ni kupita kwenye tope na debe kichwani. Shule ya msingi, iliyokuwa ikisagisha mahindi ya uji wa wanafunzi kwetu, ikasimamisha uji. Fundi wa kuchomelea milango akaenda kulima. Kinyozi akarudia mkasi. Mdogo wangu alikuwa na marejesho kila wiki, na wiki zilikuwa zinapita bila debe hata moja kusagwa. Jioni alikuwa anakwenda kukaa bandani peke yake, mlango umefungwa, na mke wake hakujua amsemeshe nini.

Lililotusaidia ni kwamba chakula chetu kikuu hakisagwi. Nimeishi mikoa ambako nyumba isiyo na unga haina chakula, na kule mashine ya kusaga ikisimama ni njaa. Kwetu ndizi inatoka mgombani inakwenda chunguni. Mama, mke wa mdogo wangu na mimi tulikuwa tunamenya ndizi asubuhi, tunazitia kwenye sufuria kubwa pamoja na maharage yaliyochemshwa usiku, tunafunika kwa majani ya mgomba, na chakula kinaiva. Maharage ya Karagwe yanajulikana sokoni hadi Mwanza, na vuli hiyo yalikuwepo ya kutosha kwa sababu malori hayakuweza kuyaondoa. Sijawahi kuuona mgomba kama niliouona wakati ule. Mvua ilikuwa ikiulisha, na wenyewe ukitulisha sisi, bila waya wala barabara.

Uji ndio uliohitaji unga. Baba alitakiwa kula kidogo kidogo na kwa wakati, na uji wa ulezi usio na sukari ulikuwa sehemu ya ratiba yake. Bibi akatoa orubengo, jiwe la kusagia, ambalo lilikuwa limegeuzwa kigingi cha mlango wa banda la mbuzi. Likaoshwa. Wajukuu wa kike wakafundishwa kupiga magoti mbele yake na kusukuma. Ilikuwa picha nzuri kwa mpita njia, na wapo waliopita wakasema watoto wanajifunza mila. Mimi niliwaona wasichana wale wakisaga baada ya kutoka shule, migongo imeinama, wakati kaka zao wanacheza mpira uwanjani kwenye tope. Mashine ikilala, kazi yake hairudi kwa watu wote. Inarudi kwa wanawake na wasichana. Nilimwambia Mama hivyo, na Mama akasema, "Basi waite na wavulana." Wakaitwa. Walilalamika siku mbili, kisha wakazoea, na uji ukaendelea.

Sasa friji. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango wake nikagusa vichupa vya insulini, bado vya baridi, nikafunga haraka ili ubaridi usitoroke. Jioni nilifungua tena. Kesho yake tulikuwa tumekaa sebuleni, Mama, Baba na mimi, na kila mmoja alikuwa anafikiria kitu kilekile bila kukisema. Vichupa vile vilipatikana kwa safari ndefu na kwa fedha iliyochangwa. Barabara ilikuwa imefungwa. Baba ndiye aliyevunja ukimya. Alisema, "Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Tusikae tukiogopa kitu ambacho hatujakiuliza. Nendeni mkamwite yule binti."

Yule binti ni muuguzi, jirani yetu, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa mapumziko akakwama kama malori. Alikuja na mwavuli uliovunjika mbavu. Akaomba kuona vichupa, akavigeuza mbele ya dirisha, akauliza kipi kimeshafunguliwa. Kisha akatueleza mambo ambayo tungepaswa kuelezwa siku ya kwanza tulipopewa dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kamwe isigande. Lakini kichupa kilichoanza kutumika kinaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne, mradi kisipigwe na jua na joto la mahali kilipo lisivuke nyuzi 25 hadi 30, kutegemea maelezo ya karatasi iliyomo ndani ya kasha. "Dada," aliniambia, "baridi hii ya kwetu inakusaidia. Shida ingekuwa kwa mtu wa Dar es Salaam." Akaniambia niandike kwenye kasha tarehe ambayo dawa ilitoka kwenye ubaridi, na nisivipeleke karibu na moto, na nisivitie mfukoni.

Nilimwuliza habari ya mtungi, maana nilikuwa nimesikia kwamba chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, kinapooza kitu. Akasema ni kweli, na watu wa nchi kame wanautumia sana, lakini kinachopooza ni maji ya mchanga yanapokauka kupitia ukuta wa chungu. Hewa ikiwa imeshiba unyevu wa mvua, maji hayakauki upesi, na mtungi hausaidii sana kama wakati wa kiangazi. Akazunguka nyumba akitafuta mahali. Chini ya bati palikuwa na baridi usiku, lakini jua likichomoza kidogo tu mchana panachemka. Alipoingia kwenye kijistoo cha jiko la Bibi, chenye ukuta wa udongo wa unene wa dhiraa, sakafu ya ardhi, mbali na mafiga na bila dirisha, akasimama kimya kidogo, akaweka kiganja ukutani. "Hapa," alisema.

Hivyo vichupa vya Baba vikahamia ndani ya chungu, ndani ya kijistoo, ndani ya jiko lililokuwa limehukumiwa kubomolewa. Bibi akakabidhiwa ulinzi. Hakumruhusu mtoto yeyote kuingia mle, na panya aliyezoea kupita mle hakuonekana tena, sijui alimfanyaje. Kila asubuhi nilikwenda kuchukua kile kilichofunguliwa, tunampima Baba sukari kwa kile kipimo cha kuchoma kidole, kinachotumia betri ndogo, tunachoma, ninarudisha. Sukari yake haikupanda kuliko ilivyokuwa kabla umeme haujakatika. Nasema hivi kwa shukrani kwa yule binti, na naomba wauguzi wote wanaosoma haya wamwige: mgonjwa wa kijijini akipewa insulini, aambiwe pia afanye nini siku friji ikizima.

Usiku tulihamia jikoni wote. Si kwa mpango. Baba alikwenda mara moja kuota moto, siku ya pili akabebewa kiti chake, na baada ya hapo sebule ikabaki tupu. Kuni zilikuwa zimelowa nje, lakini Bibi ana dari ya fito juu ya mafiga ambako kuni hupandishwa majuma kabla ya kutumika, zikaushwe na moshi wa kuni zilizotangulia. Matawi ya mibuni iliyopogolewa yanawaka vizuri kuliko mkaratusi. Mdogo wangu alipendekeza tuingize jiko la mkaa chumbani kwa wazee usiku, wapate joto wakiwa wamelala. Mama alikataa kwa ukali ambao sijauzoea kwake. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu usingizini bila moshi wala harufu, na kila mwaka nchini mwetu familia zinapotea hivyo. Wazee walilala na blanketi mbili, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitenge miguuni.

Katika mikesha ile ndipo Baba alipofundisha darasa tena. Mjukuu mmoja alimwuliza umeme unatoka wapi hata ukatike. Baba akachukua kijiti, akachora kwenye majivu. Mto Kagera, alisema, unatoka milima ya Rwanda na Burundi, unateremka kwenye maporomoko ya Rusumo, unapita ukingoni mwa Karagwe na Kyerwa, unapinda pale Murongo ambako ng'ambo ni Uganda, unakwenda Kyaka, kisha unaingia ziwani. Hakuna mto unaolipa Ziwa Victoria maji mengi kuliko huo. Maji yakishaingia ziwani yana mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja, na hapo Waingereza walijenga bwawa la Owen, lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo Waganda sasa wanaliita Nalubaale. Umeme wa Uganda unasafiri kwa nyaya hadi Masaka, unavuka mpaka kuja Kyaka, unagawanyika kwenda Bukoba na kuja kwetu. Upande wetu wa mkoa wakati huo haukuwa kwenye gridi ya Taifa. Mgao ukitangazwa Dar es Salaam sisi tulikuwa tunausikia redioni, na Uganda ikizima sisi tulikuwa tunazima. "Kwa hiyo," alisema Baba, "maji yanayopita Murongo yanazunguka ziwa, yanageuka umeme Jinja, yanarudi kuwasha taa hii."

Mtoto akatazama mchoro. "Basi Babu, si wangewasha palepale Murongo?"

Baba alicheka hadi akakohoa. Akamweleza kwamba paliwahi kuwashwa. Ng'ambo ya Murongo, pale Kikagati, kulikuwa na kituo kidogo cha umeme wa maji kilichohudumia machimbo ya bati, kikaharibiwa wakati wa vita vya 1978 na 1979. Swali la yule mtoto lilikuwa swali la kweli, na wahandisi walikuwa wakilishughulikia wakati ule ule sisi tunachora kwenye majivu.

Kuhusu simu sitasema mengi. Mwenye sola kubwa sentani alichaji kwa malipo, foleni ikawa ndefu, na mnara wenyewe ulipoishiwa dizeli simu zilizojaa chaji hazikuwa na faida. Fedha zilizokuwa kwenye simu zilibaki humo. Watu walikopeshana kwa neno la mdomo, dukani na kwa jirani, na madeni yale yalilipwa. Kikoba cha mdogo wangu kilikaa chini ya mti, wanachama wakaamua marejesho yake yasogezwe hadi mashine iwake, bila faini. Habari tulizipata kwa redio ya betri; betri zenyewe Bibi aliziweka juani likitokea na karibu na mafiga lisipotokea, zikapata nguvu ya kumaliza taarifa ya saa mbili. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24 ulitukuta hivyo.

Kisha wakaja senene.

Msomaji asiye wa Kagera ajue kwamba Novemba kwetu ni mwezi wa senene, na siku hizi senene ni biashara ya taa. Vijana husimamisha mabati yaliyoinama, chini yake mapipa, na juu taa kali zenye kuumiza macho. Senene huvutwa na mwanga kutoka mbali, hujigonga kwenye bati, huteleza ndani ya pipa. Usiku mmoja wa mshuko mzuri mwenye taa hujaza magunia. Asiye na taa hununua. Mwaka ule sentani yote ilikuwa giza, na jenereta zilizokuwepo hazikuwa na petroli ya kutosha. Vijana waliowekeza kwenye mabati walikuwa na huzuni, na huzuni yao ilikuwa ya haki, kwa kuwa wengine walikuwa wamekopa.

Lakini senene walikuja vilevile. Hawakukuta pa kukusanyikia, wakashuka kila mahali. Alfajiri Bibi ndiye aliyetuamsha. Nyasi za kilima chote zilikuwa na umande, na katika kila unyasi walikuwa wamekaa, wa kijani na wa kahawia, mabawa yamelowa hawawezi kuruka. Watu walitoka na ndoo, vikapu, mifuko ya mbolea, wazee kwa watoto, mlokole na mlevi, wakaokota hadi jua lilipokausha nyasi. Bibi aliokota akiwa amekaa kwenye kigoda, anasogezwa. Alisema, "Mwaka huu wameshuka kwa kila mtu." Kisha akatusimulia kwamba alipokuwa msichana, wanawake waliwaokota, waliwanyofoa mabawa na miguu, waliwakaanga, na hawakuruhusiwa kuonja. Alikula siku hiyo hadi Mama akahofia tumbo lake. Tulikaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu tu, na Baba alikula pia. Muuguzi alimwambia hana kizuizi, hao ni nyama na mafuta, si wanga, asizidishe chumvi tu.

Umeme ulirudi Desemba. Barabara ilipokauka kidogo nguzo zilishushwa upande wa pili wa bonde, na mwenyekiti wa kijiji akapiga mbiu ya msaragambo. Wanaume wakazibeba mabegani kuvuka mafunjo, mafundi wakiwaelekeza. Taa ziliwaka mchana, kwa hiyo hatukuziona. Tulichosikia ni mota ya mdogo wangu, na watu wakaanza kutokea migombani na madebe kichwani kabla hata hajafungua mlango. Alisaga hadi usiku wa manane, na debe la kwanza lilikuwa la shule.

Jiko la Bibi halikubomolewa. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyelisemea, mbele ya Baba, kwamba banda la pili litajengwa upande wa barabarani. Msimu wa kahawa uliofuata tulinunua paneli ya sola inayotosha taa na simu. Friji haiiwezi, lakini chungu kipo kijistooni, kikavu, kimefunikwa.

Mambo ya umeme mkoani yamebadilika tangu wakati ule. Rusumo imejengwa mitambo ya megawati 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Pale Kikagati, ng'ambo ya Murongo, kituo kipya cha megawati 14 kimejengwa kwenye mto uleule, kwa makubaliano kati ya Uganda na Tanzania, kwa hiyo yule mtoto aliyeuliza swali lake jikoni amepata jibu. Ujenzi wa njia kubwa ya umeme kutoka Benaco hadi Kyaka nao ulianza, ili Kagera yote iingie kwenye gridi ya Taifa. Nafurahia kila nguzo inayosimama. Wasichana wa kwetu hawapaswi kurudi kupiga magoti mbele ya orubengo.

Ila mvua kubwa itakuja tena, na mkaratusi mwingine utaanguka. Ndugu yangu wa Karagwe na Kyerwa, kama nyumbani kwako yuko anayechoma insulini, usingoje siku hiyo. Kesho nenda kwa muuguzi wa zahanati yako, umwulize dawa ile ikae wapi friji ikizima na kwa muda gani. Tafuta mahali penye kivuli na ubaridi ndani ya nyumba yako, uwaonyeshe wote wanaoishi humo. Na usikate wala kupanda mkaratusi karibu na nyaya bila kuwaita wanaohusika.